Ukifika Voi na watoto, mtakula wapi?

KWA familia nyingi za Nairobi zinazoteremka Pwani wakati wa likizo, Voi ni mahali pa kunyoosha miguu tu. Gari husimama, watoto hukimbizwa msalani, baba hununua chupa ya maji na pakiti ya vibanzi, kisha safari ikaendelea. Ni wachache mno wanaojiuliza mji huu unapika nini, au ile milima inayoonekana upande wa kulia ukielekea Mombasa inawalisha nini watu wake.

Huenda mwaka huu wewe msomaji umeamua kufanya tofauti. Umepanga kukaa siku tatu au nne katika Kaunti ya Taita Taveta, uwaonyeshe watoto ndovu wekundu wa Tsavo na upepo wa Wundanyi. Malazi umeyapata. Swali linalobaki ni lile linalomsumbua kila mzazi aliye safarini: watoto watakula wapi, na watakula nini?

Swali hilo si dogo. Mtu mzima aweza kuvumilia njaa hadi jioni, mtoto wa miaka minne hawezi. Isitoshe, sahani moja tu ya chakula kilicholala yaweza kuigeuza likizo kuwa safari ya zahanati. Na mzazi asiyejua pa kwenda huishia kulipa pesa nyingi katika hoteli ya watalii, hali mtaa wa pili kuna wali mzuri kwa bei ya kawaida.

Mji wa njia panda

Voi iko umbali wa kilomita 330 hivi kutoka Nairobi na 150 hivi kutoka Mombasa. Reli ya zamani ilipita hapa mwishoni mwa karne ya 19. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ikachomolewa reli nyingine kutoka hapa kuelekea Taveta. Tangu mwaka 2017, treni ya kisasa pia ina kituo Voi. Ukitaka kushuka hapo, hakikisha umekata tiketi ya ile inayosimama vituo vya njiani, na ukumbuke kwamba kituo chenyewe kiko nje ya mji. Itabidi uchukue gari au bodaboda hadi katikati.

Kwa sababu ya njia hizo, watu wa kila kabila wamefanya makao hapa, na kila mmoja alikuja na chungu chake. Ndiyo maana mlo wa Voi ni wa Pwani na wa bara kwa pamoja. Asubuhi utapata mahamri na mbaazi za nazi. Mchana kuna pilau, wali kwa maharagwe, ugali kwa sukumawiki, na chapati. Jioni moshi wa nyama choma hutanda, na kando ya barabara viazi karai huelea kwenye mafuta. Mtoto anayekataa kitu kimoja hatakosa kingine.

Namna ya kuchagua

Usiongozwe na ukubwa wa bango. Tazama kwanza ni nani wamekaa ndani. Ukiona akina mama wenyeji wameketi na watoto wao, au wafanyakazi wa ofisi wamejaa saa sita mchana, ingia bila wasiwasi. Mwenyeji ana nafasi ya kuhama hoteli iliyomwumiza tumbo. Mpita njia hana, na hoteli inayowategemea wapita njia peke yao inalijua hilo.

Pili, tazama maji. Voi ni nchi kavu yenye joto, na maji ni kitu cha thamani. Inashangaza kwamba kaunti hii hii ndiyo yenye chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, ambazo maji yake husafirishwa kwa mabomba hadi Mombasa. Hoteli inayojali wateja wake haikosi maji ya kunawa na sabuni mlangoni, hata kama ni ndoo yenye mfereji. Pasipo na maji ya kunawa mikono, hapana maji ya kuoshea sahani. Ya kunywa, wanunulie watoto maji ya chupa iliyofungwa au uitishe chai. Sharubati na barafu usizozijua maji yake, ziache.

Tatu, angalia saa. Katika hoteli nyingi za kawaida chakula cha mchana huwa kimetoka motoni kati ya saa sita na saa nane. Ukichelewa hadi saa kumi, utapewa kilichobaki sufuriani. Basi walishe watoto mapema, hata kama nyinyi wenyewe hamjahisi njaa. Ukichelewa, itisha kitu kinachopikwa ukikiona: mayai, chapati ya moto, au viazi vinavyotolewa karaini mbele yako.

Nne, uliza bei na ukubwa wa sahani kabla ya kuketi. Sahani moja ya pilau aghalabu hutosha watoto wawili wadogo, na ukiomba sahani tupu ya pili si rahisi unyimwe. Mwambie pia mhudumu mapema kwamba pilipili iwekwe kando. Kuuliza si ujinga.

Kuna hoteli za nyama choma zilizoungana na baa. Mchana mahali kama hapo ni pazuri: kivuli kipo, nyama ni laini, na watoto wana nafasi ya kukimbia. Lakini jua likizama muziki hupandishwa na chupa huanza kugongana. Kuleni mapema, mwondoke mapema. Na mkisafiri katika mwezi wa Ramadhani, fahamuni kwamba baadhi ya hoteli za Waislamu hufungwa mchana, ila jioni ndipo utakapopata vyakula vitamu kuliko siku zote.

Wapo wanaotamani kula wakiwatazama ndovu. Voi Safari Lodge imejengwa juu ya mwamba ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, na chini yake kuna kidimbwi ambako wanyama huja kunywa maji. Ni jambo ambalo mtoto hatalisahau. Ila kwa kuwa hoteli hiyo iko ndani ya mbuga, utalipa ada ya kuingia mbugani kabla ya kulipa chakula, na ada hiyo hailipwi kwa pesa taslimu. Piga hesabu ya familia nzima kabla ya kufika langoni.

Kupanda Wundanyi

Ukitoka Voi kwa barabara ya Taveta, baada ya kilomita 25 hivi utafika Mwatate, makao makuu ya kaunti, penye mashamba makubwa ya mkonge. Hapo ndipo barabara ya Wundanyi inapokata kona na kuanza kupanda. Nasaha moja kwa wazazi: usimshibishe mtoto kabla ya kona hizo. Mpe ndizi moja tu, mlo wenyewe usubiri juu.

Huko juu ni ulimwengu mwingine. Joto la Voi linabaki nyuma, ukungu unashuka asubuhi, na watoto watadai sweta. Mashamba yamepangwa kwa matuta kwenye miteremko. Kabichi, nyanya, spinachi na pilipili hoho za milima hii husafirishwa hadi Mombasa, kwa hiyo huenda familia ya Mombasa imekuwa ikila mboga za Wundanyi miaka yote bila kujua. Wapitishe watoto sokoni kabla ya kwenda mezani. Mtoto aliyeshika kabichi yenye umande huenda akaila bila kubembelezwa.

Hapa ndipo ninapotaka usikilize vizuri. Wataita wana chakula chao kiitwacho kimanga. Hupikwa kwa muhogo, viazi vitamu au ndizi mbichi pamoja na maharagwe, kisha vyote hupondwa hadi vishikane. Ni laini, hakina pilipili, hushibisha, na hata mtoto asiye na meno ya kutosha hukimeza. Ungedhani kila hoteli ya huku itakuwa nacho. Mara nyingi, ukiuliza bila kutoa taarifa, utaambiwa kuna wali, chapati na vibanzi.

Sababu si uvivu wa mpishi. Kimanga huchukua muda na nguvu za mkono, na mwenye hoteli hapiki kitu ambacho wageni hawakiulizi. Sisi watu wa mjini tunafika, tunaitisha vibanzi na soda, na kesho yake sufuria ya vibanzi huongezwa, ya kimanga ikaondolewa. Chakula cha wenyewe kinabaki nyumbani kwa nyanya, na nyanya akiondoka huenda kikaondoka naye. Dawa yake ni nyepesi. Ukifika Wundanyi jioni, mwombe mwenye hoteli au mama wa kibandani akupikie kimanga cha kesho mchana, mkubaliane bei, na uache malipo kidogo ya kununulia vitu. Atafurahi, na watoto wako watakula kilicho bora.

Kuelekea Taveta

Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100, na barabara ni ya lami. Ukishaipita Mwatate, vituo vya kula ni vichache na vidogo, na sehemu kubwa ya njia imezungukwa na wanyamapori. Bebeni chakula cha watoto ndani ya gari: mayai ya kuchemsha, ndizi, maji ya kutosha. Msisimame kulia porini. Nyani hawaoni haya, na ndovu huvuka barabara bila kuuliza ruhusa.

Waelezeni watoto pia kwamba takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo. Ndovu tunaowafurahia kwa kamera ndio wanaomaliza mahindi ya mkulima kwa usiku mmoja. Kila sahani ya ugali inayopandwa katika nyanda hizi imeponea chupuchupu, na mtoto akilijua hilo hatatupa tonge ovyo.

Taveta yenyewe ni mji wa ndizi. Siku za soko ni Jumatano na Jumamosi, na wafanyabiashara huja kutoka pande zote mbili za mpaka, kwani Holili ya Tanzania iko jirani kabisa. Itisha ndizi mbichi zilizopikwa kwa nyama au kwa maharagwe. Ni chakula laini kinachowafaa watoto. Kuna pia samaki wa Ziwa Jipe. Kwa mtoto mdogo, omba samaki mkubwa mmoja badala ya wadogo watatu, umtoe miiba kwa mkono wako mwenyewe. Na asubuhi anga likiwa safi, watoto watakunywa chai wakiutazama Mlima Kilimanjaro, bila kulipa ada ya mtu yeyote.

Kwa hivyo, msomaji, kabla ya kufunga mizigo panga milo kama unavyopanga malazi: mahamri na mbaazi Voi, kimanga Wundanyi, ndizi na samaki Taveta. Vibanzi vipo kila mahali na vitawangoja mkirudi mjini. Lakini chakula cha Taita Taveta hupikwa pale tu kinapopata mwulizaji. Wafundishe wanao kukiuliza kwa jina lake.