Farasi Wangapi Watosha?

Katika ujana wetu hapa Bomet, kipimo cha ubora wa gari la mashindano kilikuwa ukubwa wa injini yake. Na kila Pasaka, masika yalipogeuza udongo wetu mwekundu kuwa utelezi mtupu, tulikusanyika penye redio ya jirani kusikiliza habari za mashindano ya Safari Rally, tukiitukuza Datsun 240Z, yenye silinda sita na lita 2.4, iliyoshinda mwaka 1971, kisha tena 1973, safari hii ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta.

Mwaka 1974 ndio uliotugeuza fikira. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, yaani mtu wa kwetu, ambaye tangu 1965 alikwisha kupata ushindi kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, alishika nafasi ya kwanza kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6 tu, ilhali Björn Waldegård, katika Porsche 911 iliyoizidi nguvu, alifika wa pili.

Fundi mmoja wa Sotik, mzee mwenye staha, ndiye aliyetufahamisha kwa nini injini hupungukiwa nguvu huku kwetu. Alifungua plagi ya pikapu iliyokuja kutoka pwani, akaiweka kiganjani. Ncha yake ilikuwa nyeusi tii kwa masizi.

"Wanangu," akasema, "kabureta yamimina petroli ileile ya Mombasa, lakini hewa ya huku ni haba, haitoshi kuichoma."

Bomet ipo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, yaani kisukuma hewa, hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake, zihesabiwazo kwa farasi, kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo farasi 100 waliohesabiwa Mombasa hufika kwetu wakiwa 80 hivi. Na hata hao 80, katika mpando wa kwenda kituo cha majani chai baada ya mvua ya alasiri, hawapati pa kushika: magurudumu ya nyuma huzunguka papo hapo, yakijichimbia shimo.

Tabo ilipokuja iliondoa dhiki ya hewa, lakini haikuondoa ile ya tope. Hata hivyo, katika Safari Rally, Toyota Celica yenye tabo, iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, ilishinda 1984, 1985 na 1986, na magari yenye kuvuta kwa magurudumu manne yakaachwa, kwani uimara katika safari ndefu ulikuwa na thamani zaidi kuliko kasi ya dakika chache.

Siku hizi lami imefika, na vijana wataka Subaru Impreza ya farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana hadi 2004 wasikipite. Siwalaumu, maana gari hilo ni zuri mno. Lakini wanijiapo kwa mashauri, nikizikumbuka kona za kati ya Bomet na Kaplong, zenye punda na bodaboda, huwaambia kwamba farasi 150 wawatosha, na fedha zitakazobaki wanunulie matairi mapya na breki zilizo madhubuti.