Bei ya Chumba

Yamkini hujalipa kodi ya nyumba hata mara moja katika maisha yako. Unalala bwenini au kwa wazazi wako, na unapoamka asubuhi paa liko juu yako kama mbingu zilivyo juu ya dunia, nawe huulizi nani ameliweka. Mimi pia nalikuwa hivyo mpaka mwaka 2019. Shuleni nilifundishwa eneo la duara na ujazo wa pipa, lakini hapana mwalimu aliyenifundisha hesabu ya chumba. Hesabu hiyo nilijifunza peke yangu, na ada yake nililipa kwa fedha taslimu. Nitakueleza ilivyokuwa, kwani siku yako haiko mbali.

Kwetu ni karibu na Awendo, katika Kaunti ya Migori, nchi ya miwa. Katika boma la Mjaluo, kijana akishakua hana ruhusa ya kulala katika nyumba ya baba yake. Huwa na nyumba yake ndogo karibu na lango, nayo huitwa simba. Simba yangu ilikuwa ya udongo na mabati. Hailipiwi kodi, ila kwa adabu na kwa kuamka mapema siku ya palizi.

Mwezi wa Juni mwaka ule nilipata kazi ya ukarani katika duka moja la jumla mjini Homa Bay, kwa mshahara wa shilingi 15,000 kwa mwezi. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokota lulu. Baba yangu alinipongeza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kwa nini umlipe mtu mwingine ili ulale, na hali simba yako iko?" Niliona neno lake lina haki, nikakata shauri la kwenda na kurudi kila siku.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka Awendo unapanda matatu mpaka Rongo, kwa ile barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori na Isebania, mpakani mwa Tanzania. Rongo unashuka, unaiacha barabara kuu, unatafuta gari la pili linalokwenda ziwani kupitia Rodi Kopany. Aghalabu gari hilo ni Probox, ambalo aliyeliunda alikusudia libebe watu watano. Alfajiri hubeba tisa, na wa kumi hukalia nusu ya kiti cha dereva, hata usijue ni nani kati yao anayeendesha. Tena gari haliondoki mpaka lijae. Nilitoka katika simba saa kumi na nusu za usiku ili niwe dukani saa mbili asubuhi, na nilirudi saa tatu za usiku, mbwa wa kwetu wakinibwekea kama mgeni.

Sasa chukua kalamu tuhesabu pamoja. Awendo mpaka Rongo nalilipa shilingi 50, na Rongo mpaka Homa Bay shilingi 100. Kwenda na kurudi ni 300. Siku za kazi zilikuwa 26 kwa mwezi, basi nauli ilikuwa shilingi 7,800. Simba yangu isiyolipiwa kodi ilinigharimu zaidi ya nusu ya mshahara! Tena nilimpelekea mama shilingi 3,000 za matumizi ya nyumbani. Zilibaki 4,200 za chakula cha mchana, sabuni, viatu na mengine yote.

Nilipotambua hivyo nilianza kutafuta chumba mjini. Homa Bay umelala chini ya kilima cha Asego, uso wake ukitazama Ghuba ya Winam, na kadiri unavyopanda kilima ndivyo unavyopata upepo, maji ya bomba na kodi kubwa. Mtelemkoni nilionyeshwa chumba kizuri: sakafu ya saruji, stima, dirisha lenye kioo. Kodi ilikuwa shilingi 4,500. Moyo uliruka, maana hizo ni pungufu ya nauli yangu kwa 3,300. Lakini msimamizi wa ploti alinieleza, kwa upole mwingi, kuwa hapana budi nilipe mwezi mmoja mbele, pamoja na mwezi mwingine wa amana, ile ambayo wapangaji huiita dipositi. Jumla shilingi 9,000 siku ya kuingia. Mfukoni nalikuwa na 2,300.

Hapa nakuomba usimame nami kidogo, kwa sababu fundo la habari yangu limefungwa hapa. Nauli ilikula fedha zangu kila siku, shilingi 300 kwa 300. Kwa kuwa ilizila, sikuweza kuweka akiba ya 9,000. Na kwa kuwa sikuwa na 9,000, ilinipasa kuendelea kulipa nauli. Mtu mwenye fedha za kulipa kwa mkupuo angalilala mtelemkoni kwa bei ndogo kuliko yangu, na angaliamka saa moja. Mimi niliyekuwa maskini kuliko yeye ndiye niliyenunua usingizi kwa bei kubwa, na wenyewe ulikuwa mfupi.

Si kwetu tu jambo hili lilikotesa watu. Uingereza, mwaka 1883, Bunge lilipitisha sheria ya kuyalazimisha makampuni ya reli kuendesha magari ya moshi ya nauli nafuu kwa wafanyakazi, kwani vyumba vya katikati ya London vilikuwa vimesongamana, na waliotaka kuhamia nje waliogopa nauli. Watunga sheria hao walifahamu kuwa nauli na kodi ni ndugu wa tumbo moja. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makazi ya kufaa, na tangu 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Mimi hukatwa kama wengine. Juu ya barabara ya kuziendea nyumba hizo, na gari la kukufikisha kazini kutoka huko, nimesikia watu wakizungumza kwa uchache.

Basi niliendelea na safari zangu mpaka Machi 2020, uviko ulipoingia nchini. Serikali iliamuru matatu ya watu 14 ibebe watu wanane, na katika njia yetu nauli ikawa maradufu. Shilingi 600 kwa siku, mara 26, ni 15,600. Nauli ilikuwa imeupita mshahara wangu wote kwa shilingi 600. Kisha, tarehe 27 Machi, ikaanza amri ya kutotoka nje kutoka saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Hata kama ningaliokota fedha njiani, nisingaliweza kusafiri. Mwajiri wangu alisema atakayeshindwa kufika akae kwao, na nafasi yake itapata mtu.

Kwa haraka ile nilitwaa chumba cha kwanza nilichokiweza. Kilikuwa chini kabisa, karibu na ufuo, shilingi 1,500, na mwenye nyumba hakudai amana. Jambo hilo lingalinishtua. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mwuza omena. Nilimwamkia, nikamwuliza, "Nyanya, chumba hiki kina kasoro gani, mbona bei ni ndogo hivi?"

Akanitazama mimi na godoro langu. "Hakina kasoro, mjukuu wangu. Kimejengwa ndani ya ziwa tu."

Ziwa lilikuwa mbali, hatua zaidi ya mia, nikacheka. Akaniambia kuwa miaka ya Uhuru, alipokuwa msichana, mashua zilifungwa pale niliposimama. Nilidhani ni hadithi za wazee. Baadaye nilisoma, nikaona aibu. Ziwa Victoria hupata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe, na kati ya 1961 na 1964 mvua kubwa zililipandisha zaidi ya mita mbili. Lilikuwa limerudi nyuma, watu wakasahau, wakajenga. Mvua nyingine kubwa zilikuwa zimeanza miezi ya mwisho ya 2019, na mwezi wa Mei 2020 ziwa lilifikia kimo kilichoipita hata rekodi ya 1964.

Maji hayakuja kwa kishindo. Yalipanda kutoka chini. Sakafu ilitoa jasho, kisha choo cha uani kikajaa, kisha usiku mmoja nilishusha mguu kitandani nikakanyaga ubaridi, na viatu vyangu vya kazi vilikuwa vimesafiri mpaka mlangoni. Asubuhi yake mwenye nyumba alikuja kudai kodi ya Mei. Alisimama juu ya jiwe ili asiloe, akanyoosha mkono. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi huwalinda wapangaji ambao kodi yao haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, nami nalikuwa mmoja wao. Lakini sheria haikuandikiwa ziwa. Nilimlipa nusu, nikabeba godoro kichwani.

Nilikaa wiki tano katika kona ya stoo ya duka, kati ya magunia. Mwezi wa Juni saa za amri zilipunguzwa, ikawa kutoka saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri, na dada mmoja tuliyefanya kazi pamoja alinipeleka kwa shangazi yake huko Rodi Kopany, penye njia panda ya kwenda Ndhiwa. Chumba shilingi 2,000, bila amana, kwa ajili ya udhamini wa neno lake. Nauli, kwa bei ya wakati ule, ilikuwa 160 kwa siku, yaani 4,160 kwa mwezi. Jumla 6,160. Chumba cha mtelemkoni cha 4,500 kilikuwa bado kinanicheka. Nililipa 1,660 zaidi kila mwezi, na kwa miezi sita ziada hiyo ni 9,960, zaidi ya zile 9,000 nilizokosa.

Julai tulianzisha chama dukani, watu saba, kila mmoja akitoa 1,500 kwa mwezi, na mwenye zamu akipokea 9,000 kutoka kwa wenzake sita. Kura ilinipa zamu ya mwisho, Januari 2021. Nilihesabu siku kama mfungwa. Mwezi huo ndio shule zilipofunguliwa, na mdogo wangu wa kike alipaswa kurudi kidato cha tatu. Miwa hukaa shambani karibu mwaka na nusu kabla ya kukatwa, na ya baba ilikuwa bado. Baba hakuniomba kitu. Aliniambia tu tarehe ya kufungua shule, kisha akanyamaza. Nilimpelekea zote 9,000, nikaendelea kupanda gari Rodi kwa miezi saba mingine.

Nilihamia mtelemko wa Asego Agosti 2021. Maji yalikuwa yameanza kurudi ziwani. Jumapili moja nilishuka kumsalimu nyanya, nikaikuta ile ploti imepakwa rangi mpya ya samawati mpaka juu ya alama ya maji, na ukutani wameandika kwa herufi kubwa kuwa vyumba vipo, amana hakuna. Kijana mmoja, godoro lake limefungwa nyuma ya bodaboda, aliniuliza kama mwenye nyumba yumo. Nilimwonyesha kwanza kibanda cha omena.