Namoto: Mpaka wa Watu, Bahari ya Wote

Msafiri atokaye Mtwara kwenda kusini hufika Kilambo, kituo cha mwisho cha Tanzania, na hapo mto Ruvuma humsimamisha. Ng'ambo ya pili ni Namoto, mlango wa Msumbiji katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Mto huu umesafiri kilometa zipatazo 800 kabla ya kufika hapa, na sasa umechoka. Umetanda polepole kati ya mikoko na mafungu ya mchanga, ukiingojea bahari. Maji yakipwa, mafungu hujitokeza. Maji yakijaa, ni vigumu kusema mto umeishia wapi na bahari imeanzia wapi.

Mpaka wa mahali hapa umekuwa na historia ya kuhamahama. Mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, eneo dogo la kusini mwa mto, na kuliunganisha na koloni lao. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wareno walilichukua kwa nguvu, na mwaka 1919 likathibitishwa kuwa lao. Wenyeji hawakuulizwa. Hata leo Wamakonde wapo kingo zote mbili, na Kiswahili husikika kotekote.

Lakini nje ya mlango wa mto kuna mgawanyiko mwingine usiofanywa na serikali yoyote. Mkondo mkubwa wa bahari utokao mashariki, baada ya kupita kaskazini ya Madagaska, huipiga pwani hii na kugawanyika. Tawi moja huelekea kaskazini, Tanzania na Kenya. Jingine huelekea kusini, katika mlango-bahari wa Msumbiji. Sakafu ya bahari nayo hushuka ghafula, hata kina kirefu hakiko mbali na nchi kavu.

Bahari ya namna hii, yenye joto juu na kina kirefu chini, ndiyo makazi ya taa mkubwa kuliko wote duniani. Wataalamu humwita manta, neno ambalo kwa Kireno ni blanketi, na amwonaye akielea hana haja ya kuuliza sababu. Upana wake, kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, mara nyingi ni meta nne au tano, na waliokomaa sana huweza kufikia meta saba. Uzito wake huweza kufikia tani mbili.

Kwa ukubwa huo mtu angedhani ni mnyama wa kuogopwa. Sivyo. Taa huyu hana mwiba wa kuchoma kama binamu zake wakaao mchangani. Chakula chake ni vijidudu vidogo mno vinavyoelea majini. Mbele ya kichwa ana mapezi mawili yafananayo na pembe. Akila huyakunjua, huyaelekeza maji kinywani, na matamvua yake huchuja chakula kama chujio la tui lichujavyo nazi. Hana budi kuogelea daima, kwani akisimama maji hayapiti katika matamvua naye hukosa hewa. Mara kwa mara huenda kwenye mwamba maalumu, ambako samaki wadogo humsafisha ngozi kwa kula wadudu waliomng'ang'ania. Ubongo wake ni mkubwa kupita wa samaki yeyote mwingine ajulikanaye. Tumboni ana madoa, na madoa ya mmoja hayafanani na ya mwingine, kama alama za vidole vya binadamu zitumikavyo na polisi.

Udhaifu wake umo katika uzazi. Tasi hutaga mayai kwa maelfu. Taa mkubwa huchukua mimba kwa muda wa mwaka mmoja hivi, kisha huzaa mtoto mmoja tu. Baada ya hapo hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Huchelewa kukomaa, na katika maisha yake yote, yawezayo kupita miaka 40, huenda asizae zaidi ya watoto saba. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kilichojazwa namna hiyo humwagika kwa usiku mmoja wa jarife.

Jarife ni wavu wenye macho mapana, unaotegwa kwa ajili ya papa, jodari na taa. Mvuvi autegaye huwa anatafuta chakula cha watoto wake, wala hana nia ya kumaliza kizazi cha kiumbe chochote. Lakini wavu hauchagui, na taa asiyeweza kurudi nyuma hunaswa na kufa. Kuna pia biashara ya mbali: matamvua yake hukaushwa na kuuzwa Asia ya Mashariki, hasa China, kuwa dawa, ingawa sayansi haijathibitisha kuwa yanaponya.

Madhara yameonekana nchini Msumbiji kwenyewe. Huko Tofo, mkoani Inhambane, zaidi ya kilometa 1,500 kusini ya Namoto, watafiti waliwahesabu taa wa miamba, ndugu wa karibu wa taa mkubwa. Kati ya mwaka 2003 na 2011 idadi ya walioonekana ilipungua kwa asilimia 88. Taa mkubwa naye aliorodheshwa mwaka 2020 kuwa yumo hatarini kutoweka duniani. Kanuni mpya za uvuvi za Msumbiji, zilizoanza kutumika mwaka 2021, zilipiga marufuku kuwavua taa hawa pamoja na papa potwe. Ng'ambo ya pili, Tanzania ilikuwa imekwisha kutenga Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma mwaka 2000.

Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2021 kanuni zilipoanza, watu wa pwani hii walikuwa wakikimbia kuokoa roho zao. Machafuko yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 yalifika Palma Machi 2021, na wengi walilitafuta Ruvuma wavuke. Mtu aliyeacha nyumba, shamba na mtumbwi hawezi kuombwa kwanza amhurumie samaki. Ulinzi wa bahari huanza na usalama wa mvuvi: awe na chombo, wavu halali, na soko la kuuzia tasi na changu wake.

Amani ikikaa, kazi iliyobaki ni ya kingo zote mbili. Taa waliopigwa picha tumboni Msumbiji wamekwisha kutambuliwa tena katika maji ya Afrika Kusini, hawaombi pasi. Aliyeokolewa upande mmoja aweza kunaswa kesho yake upande wa pili. Mlinzi wa doria akimkuta hai wavuni, na aukate wavu, wala asimvute kwa pembe wala kwa mkia. Mtoto mmoja aliyeachwa aende zake leo Namoto huenda akaonwa na wajukuu wa wavuvi hao, miaka 40 ijayo, akikunjua mabawa yake chini ya mtumbwi.