Telefone iliyosema asante

Baadhi yenu mlituuliza kwa nini sisi tunaokaa nyuma hufungua telefone saa kumi na mbili ya jioni, hata kama likelemba haijamalizika. Hatudharau mkutano. Leo tunawaeleza.

Sisi ni wamama 9 wa chama hiki tuliougua kansa ya ziwa. Wengine tulikatwa ziwa lote, wengine kipande. Kuna tuliotibiwa hapa Lubumbashi, na kuna tuliovuka Kasumbalesa mpaka hospitali ya kansa ya Lusaka kutafuta mionzi. Tuliporudi, watu wa nyumbani walisema: umepona, shika tena beseni yako. Lakini usingizi haukurudi. Mkono wa upande uliokatwa ulivimba. Na kile kidonge cha tamoxifen, ambacho wengi wetu tuliambiwa tumeze kila siku kwa miaka 5, kilituletea joto la ghafla usiku hadi shuka kulowa. Mambo kama hayo humwambii kila mtu.

Ndipo binti wa mmoja wetu, mwanafunzi, akatuwekea programu ya wagonjwa wa kansa katika telefone. Ilikuwa ya Kifaransa. Kila jioni iliuliza: uchovu ni ngapi, toka 0 mpaka 10? Ulilala? Maumivu je? Tuliipenda, tuseme ukweli. Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo kila siku, waume zetu ndio kabisa. Tulicheka pia. Ilimuuliza mwenzetu wa Katuba kama ametembea dakika 30, na yeye alikuwa anatoka kuzungusha samaki tangu alfajiri. Ilitushauri kula salmoni. Tulikula bitoyo.

Mwenzetu mmoja alikuwa bado katikati ya dawa kali, ile inayopita mshipani. Jumatatu aliandika 6. Jumanne 8, na homa. Jumatano 9. Kila mara programu ilimjibu «merci» na kumwonyesha ua dogo la waridi. Alhamisi hakuja mkutanoni. Wawili wetu tukaenda kwake, tukamkuta anatetemeka chini ya vitenge vitatu. Alikuwa akingoja kuitwa, kwa maana aliamini munganga anasoma. Dawa ile hupunguza askari wa mwili, na homa ikifika 38 ni kukimbia hospitali saa ileile, hata usiku. Walimlaza siku nyingi. Alipopata nguvu za kusema alituuliza: «Sasa zile namba nilikuwa namwandikia nani?»

Swali hilo hatukulisahau. Binti yule akatutafutia, akatusomea habari ya utafiti wa New York, katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering. Wagonjwa 766 waliokuwa na kansa iliyokwisha kusambaa, ya ziwa ikiwa mojawapo, waligawanywa kwa bahati. Wengine walitibiwa kama kawaida. Wengine waliandika dalili zao katika kompyuta, na dalili ikizidi, muuguzi alipata ujumbe. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: katika kundi lililoandika, nusu ya watu waliishi zaidi ya miezi 31, katika kundi lingine, zaidi ya miezi 26. Mwenye kusoma haraka atasema kompyuta iliongeza miezi 5. Sisi tulimwambia binti arudie pale kwenye muuguzi.

Basi tukafungua kundi la WhatsApp, kwa sauti na kwa Kiswahili, ili hata asiyejua kuandika aseme. Dada wa mmoja wetu, muuguzi aliyestaafu, husikiliza kila jioni. Hatibu. Anasema tu: ngoja kesho, au nenda sasa. Kundi tuliliita «Bei ya Sombe», kwa sababu kuna mwenye mama mkwe anayeshika telefone yake, na neno kansa likitokea juu ya kioo ni vita. Mega tunalipa kwa franka 1000 za kila mmoja kutoka likelemba. Ile programu wengine bado wanayo: inapiga kengele ya kidonge, na munganga akiuliza «ulikuwaje miezi hii mitatu?» unamwonyesha. Lakini hakuna tena anayeiambia homa.

Mmoja wetu ana telefone ndogo ya vibonye, haina WhatsApp. Yeye anabipu: mara moja ni mzima, mara mbili tuje. Jumapili iliyopita alibipu mara mbili, saa tano ya usiku. Mkono ulikuwa umevimba, mwekundu, wa moto. Tulipata pikipiki, na kabla ya saa sita alikuwa mbele ya munganga. Sasa anameza antibiotiki na anaendelea vizuri.

Kama na wewe umepita njia hii na hutaki watu wajue, Alhamisi njoo upande wa nyuma. Uliza tu bei ya sombe.