Motari wa Marungu hushuka kwanza: safari ya kurudi Pepa wakati wa mvua

PEPA – Ukimuuliza motari wa Moba kama Pepa ni mbali, hatakutajia kilomita. Atakuuliza kwanza kama jana mvua ilinyesha kule juu.

Mwanzoni mwa mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado kali, mama mmoja alishuka botini Moba akitokea Kalemie. Alikuwa na mtoto wa miaka mitatu mgongoni, turubai moja, sufuria mbili na jembe jipya lisilo na mpini. Yeye ni mzaliwa wa Pepa, lakini aliolewa upande wa Nyunzu. Vita kati ya Watwa na Waluba, vilivyoanza 2013 na kuzidi ukali 2016 na 2017, vilimkuta huko. Nyumba ikaungua, naye akaishia katika kambi ya wakimbizi wa ndani pembeni ya mji wa Kalemie. Mtoto huyu amezaliwa humo humo kambini. Bwana yake alikwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya Manono, na simu yake haipatikani tena.

Kilichomtoa kambini ni ujumbe wa mama yake mzazi. Shamba la familia huko Pepa lilikuwa limelala misimu mitatu. Mzee wa kijiji alikuwa amesema kwamba kama msimu huu wa maharagi utapita bila mtu kulilima, atawapa wengine, maana watu wanaorudi ni wengi na kila mmoja anaomba mahali pa kulima. Maharagi ya mwisho wa masika yanapaswa kuingia udongoni kabla mvua hazijakata. Kwa hiyo mama huyu alikuwa akihesabu siku. Pesa yake ilitosha safari moja tu ya pikipiki, bila siku ya kulala njiani.

Kwenye ramani, barabara ni ya taifa, ile nambari 5 inayotoka Lubumbashi na kupita Pweto na Kalemie kuelekea Uvira. Wakati wa masika, lori likizama katika tope la Marungu linaweza kulala hapo siku nyingi, na dereva akapika bukari chini ya lori lake mpaka jua lirudi. Ndiyo maana dawa, chumvi, sabuni, madaftari ya masomo, wagonjwa na hata maiti vinapita kwa pikipiki. Ni pikipiki za kawaida, TVS ao Boxer, zilizotengenezwa kwa ajili ya mjini.

Kwingine duniani, kuvuka mito na kupanda milima kwa pikipiki ni mchezo. Mashindano ya Paris–Dakar, yaliyoanza Desemba 1978, yamewapa watu majina makubwa, na nyuma ya wakimbiaji kuna mafundi, magari ya vipuri na helikopta. Motari wa Moba ana buji moja ya akiba mfukoni, mpira wa ndani uliozungushwa kwenye usukani, pampu, kamba za mpira na bido la lita 5 la esansi.

Motari aliyempakia mama huyu ana umri wa miaka thelathini na kitu. Njia hii aliijua kwa miguu kabla ya kuijua kwa magurudumu. Oktoba 2000, jeshi la serikali liliichukua Pepa, kisha waasi wa RCD pamoja na jeshi la Rwanda wakairudisha mikononi mwao na kusonga mbele hadi Pweto, ambayo ilianguka Desemba mwaka huo huo. Yeye alikuwa mtoto wa masomo ya msingi. Alitembea na wazazi wake kupita vilima hivi mpaka Zambia. HCR ilipoanza kuwarudisha wakimbizi kwa meli kutoka Zambia hadi Moba, mwaka 2007, familia yake ilikuwa kati ya walioandikishwa. Ukipita naye atakuonyesha jiwe walilolalia, na mahali ambapo bibi yake alikataa kuendelea.

Waliondoka Kirungu saa kumi na mbili za asubuhi. Ziwa Tanganyika liko kwenye urefu wa mita 770 hivi juu ya bahari, na vilele vya Marungu vinapita mita 2,400. Pikipiki inakwea tofauti hiyo ikiwa na watu watatu na mzigo. Kwenye miteremko yenye mawe, mama alishuka na kutembea. Kwenye tope jekundu, motari alikata vijiti na kuchokonoa udongo ulioganda kati ya tairi na bati la juu, kwa maana ukiacha ukauke gurudumu linakataa kuzunguka. Kwenye barieri walilipa, wakapita.

Kufika saa nane, walikuwa wamekwisha kuacha joto la ziwa. Juu ya uwanda kuna majani marefu, upepo wa baridi na ng'ombe. Ng'ombe wa Marungu wanajulikana tangu wakati wa Wabelgiji, walioweka huku mashamba makubwa ya mifugo. Miti iko mabondeni, kandokando ya vijito, na humo ndimo anamoishi chozi wa Marungu, ndege mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Lakini miti hiyo inakatwa, na kwato za ng'ombe zinabomoa kingo. Motari anaijua habari hiyo kwa namna yake: vivuko alivyovizoea miaka mitano iliyopita vimepanuka, na mahali palipokuwa na changarawe ngumu sasa pana matope laini yanayomeza gurudumu.

Mvua ilianza saa tisa. Saa kumi na moja walifika kwenye kijito ambacho siku za kiangazi watoto wanakiruka kwa mguu mmoja. Daraja la magogo lilikuwa limeondoka. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yalibeba matawi.

Motari alizima moto, akavua viatu, akakunja suruali na kuingia majini na fimbo. Hapa kuna kanuni ambayo wamotari wazee wa njia hii wanawafundisha vijana: mguu kwanza, gurudumu baadaye. Ukiwa juu ya pikipiki huoni jiwe wala shimo chini ya maji machafu. Maji yakiishia gotini, na chini pakiwa pagumu, unavuka kwa gia ya kwanza, unashika mafuta bila kuachia, kwa sababu ukiachia, maji yanaingia kupitia bomba la moshi. Maji yakifika pajani, hata kama hayana nguvu, injini inaweza kuyanywa kupitia njia ya hewa. Na injini iliyokunywa maji haipigwi teke hovyo. Unatoa buji kwanza, unapiga teke taratibu mpaka maji yote yaruke nje, kisha unaangalia oili. Ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, usiwashe.

Alipiga hatua nne. Maji yakamfika kiunoni. Akarudi.

– Mama, leo hatupiti.

Wakati huohuo kijana mmoja alifika na pikipiki yake, bila abiria, akiwa na mabido mawili matupu. Alitazama maji, akacheka, akarudi nyuma kidogo na kuingia kwa kasi upande wa juu, penye mawe. Pikipiki iliyumba mara mbili, ikatoa moshi mweupe, ikatoka ng'ambo. Akapunga mkono na kwenda.

Mama aliona yote hayo.

– Motari, yule amepita. Wewe unaniambia hatupiti. Shamba la mama yangu linakwenda, na mimi sina pesa ya kulala.

– Yule alikuwa peke yake, Mama. Mimi niko na watu wawili.

– Ni woga.

– Ndiyo, ni woga.

Motari hakumficha kitu. Miaka kadhaa kabla, kwenye mto mwingine wa njia hiihii, abiria mwenye haraka alimsukuma kuvuka jioni. Walianguka katikati. Abiria alishika mizizi ya mti akapona, yeye alitolewa na wavuvi. Pikipiki, iliyokuwa bado ya mkopo, ilipatikana siku ya tatu chini kabisa, na alilipa deni lake kwa misimu miwili ya kulima shamba la mtu. Tangu siku hiyo hasikilizi haraka ya mtu mwingine.

Walirudi kwenye nyumba tano zilizo karibu. Mzee mmoja aliwafungulia jiko lake, mke wake akawapa bukari na sombe, na hakuna aliyeulizwa pesa. Mama alikula bila kumsemesha motari. Kabla giza halijaingia, motari alikata fimbo, akaichonga alama tatu kwa kisu na kuisimamisha ukingoni mwa maji. Saa sita za usiku alikwenda na tochi. Maji yalikuwa yamepita alama ya tatu. Mama, ambaye hakulala, alimfuata nyuma na mtoto mgongoni, akaiona fimbo mwenyewe. Hakusema neno. Alimpa motari kitenge chake cha pili ajifunike, kwa sababu alikuwa akitetemeka.

Mito ya milimani inapanda haraka na inashuka haraka. Alfajiri, fimbo ilikuwa nje ya maji kabisa, kwenye tope. Vijana wanne wa pale walipitisha miti miwili katikati ya magurudumu, wakaiinua pikipiki mabegani na kuvuka nayo, maji yakiwafika pajani. Mtoto alivushwa juu ya mabega ya mzee. Mama alivuka mwenyewe, jembe likiwa kichwani, mkono mmoja umeshika fimbo ileile. Vijana walitaka malipo. Mama alifungua ncha ya kitenge chake, na motari akamzuia, akalipa yeye.

Walifika Pepa saa tano, siku moja nyuma ya hesabu. Bibi wa mtoto alikuwa shambani. Wiki nzima alikuwa akilima peke yake pembe moja ya shamba, mistari saba tu, ili mtu asiseme kwamba shamba limelala. Mzee wa kijiji alikuja jioni, akatazama ile mistari, akatazama jembe jipya, akamsalimu mama na kumuuliza habari za Kalemie. Kuhusu shamba alisema maneno machache: limeni msimu huu, mwaka ujao tutaongea. Hakuwapa karatasi yoyote. Lakini kesho yake jembe lilikuwa na mpini.

Motari alilala usiku mmoja, akapakia gunia la maharagi na mgonjwa mmoja, akarudi Moba.

Kabla hajaondoka, mama aliazima simu yake na kurekodi sauti kwa majirani aliowaacha kambini Kalemie, wale wenye kwao Pepa, Pweto na vijiji vya juu. Ujumbe huo umezunguka kutoka simu hadi simu. Anawaambia kwamba njia ipo. Anawaambia waweke pembeni pesa ya kulala usiku mmoja, wabebe chakula cha mtoto na turubai juu ya mzigo, si chini yake. Kisha anawaambia namna ya kuchagua motari pale Moba:

– Musimuulize kama ana nguvu, wala kama pikipiki ni mpya. Mumuulize akifika kwenye maji anafanya nini. Akisema anapita, tafuteni mwingine. Akisema anashuka, pandeni.