HB Haitoshi

Ndugu msomaji, wewe uliyezaliwa mjini ukakuta duka la vifaa vya sanaa mtaa wa pili, huenda utacheka. Yupo mtu wa kuandika makala nzima juu ya penseli? Yupo, bwana, tena anaishi Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako ukiomba dukani penseli ya kuchorea picha ya mtu unaulizwa, "Ipi tena? Si hii ya shule?"

Hii ya shule ni HB. Sina ugomvi nayo, ndiyo iliyotufundisha a, e, i, o, u. Ila ina mipaka yake. Kile kiini cheusi cha penseli si risasi kama tulivyokuwa tukiambiana darasani. Ni grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, utaalamu ambao Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliupatia hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hafifu: hao ni ukoo wa H. Grafaiti ikizidi, huwa laini na nyeusi: ukoo wa B. Kadiri namba inavyopanda, 2B, 4B, 6B, ndivyo weusi unavyokolea. HB imekaa katikati, kama mtu asiyetaka kugombana na yeyote.

Sasa mchore mtu wa kwetu kwa HB peke yake. Nywele na mboni za macho lazima ziwe nyeusi kuliko shavu, sivyo? Kama weusi wako wa mwisho ni kijivu, hilo shavu litakuwa rangi gani? Utapata mtu wa majivu. Ukandamize mpaka karatasi itoboke, penseli itaanza kung'aa kama bati, lakini weusi ng'o!

Huku kwetu jambo hili si mchezo. Nchi hii ilikuwa ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Stanley alikutana naye mwaka 1876, akamweleza kwa maneno kitabuni mwake. Mtemi mzima, na bado tunamtazama kwa macho ya mgeni! Sembuse mkulima wa tumbaku? Tena makazi ya Ulyankulu yalianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, ambao wengi wao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania kuanzia mwaka 2014. Anayekimbia usiku habebi albamu. Anabeba mtoto, na sufuria akiweza. Ndiyo maana ziko nyumba ambazo sura ya marehemu imebaki katika kipicha kimoja tu cha kitambulisho.

Bibi mmoja jirani yetu, ambaye macho yake yameanza kuingia ukungu, alinijia na kipicha cha namna hiyo. Kilikuwa kimeshapelekwa mahali kukuzwa, na picha kubwa ikarudi imepauka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu ona, wamempaka unga. Mzee wangu alikuwa mweusi. Nichoree nimwone kabla macho hayajafunga."

Fedha tuliyochanga ilitosha penseli mbili tu, za kuagiza Tabora mjini kwa kondakta wa basi. Wewe ungechagua zipi? Mimi niliagiza 2B na 6B. HB ninayo, inatosha kwa mistari ya kwanza. 2B ni ya ngozi. 6B ni ya nywele, mboni, na kivuli chini ya kidevu.

Ikabaki karatasi. Ile ya fotokopi, gramu 80, ni laini mno, haina meno ya kuing'ata grafaiti. Ya gazeti inafaa kwa mazoezi, lakini ikipigwa na jua inageuka njano. Ingezeeka kabla ya mjane mwenyewe. Nikachukua manila nyeupe. Ipapase kwa kidole pande zote mbili: upande wenye ukwaru kidogo ndio wako.

Kuna atakayeuliza, na mkaa je? Kweli, vijiti vya mpera ukivichoma ndani ya kopo lililofunikwa, lenye kitundu kidogo, vinatoa weusi usiong'aa, unaoishinda hata 6B. Lakini mkaa unafutika kwa kidole. Na nilijua bibi atakuwa anaipapasa ile picha.

Weusi haukandamizwi. Unapakwa safu juu ya safu, kwa mkono mwepesi, huku ukiacha karatasi ionekane kwenye paji la uso na ncha ya pua. Ngozi nyeusi inapokea mwanga vizuri sana; ukiuziba mwanga huo, umemzima mtu. Nilikwenda hivyo jioni nne. Bibi alipoishika aliisogeza mpaka puani, akakaa kimya. Kisha akauliza, "Mbona hujamwekea kofia yake?" Kumbe kofia hatukuwahi kuiona! Nikaichora palepale, kwa 6B, yeye akinielekeza.

Basi, wenzangu wenye maduka karibu, msisubiri sanduku la penseli kumi na mbili. Nunueni mbili nyeusi na manila moja, kisha mwendeeni mzee mmoja wa mtaani kwenu. Umkute angali anakumbuka kofia ilikaaje.