MAGAZIJUTO

Mbeya, Jumanne, 4 Machi 2025
Mvua tangu alfajiri, Mwanjelwa kote tope. Jioni binti wa kaka kapiga simu kutoka Iringa. Shikamoo kaitupa harakaharaka, kisha: "Shangazi, 10 toa 3 jumlisha 2 ni ngapi?"

Nikasema 9.

"Mbona MAGAZIJUTO inasema jumlisha kwanza? 3 na 2 ni 5. 10 toa 5, inabaki 5."

Yuko Darasa la Sita. Wifi anasema walibishana darasani mpaka kengele ikagongwa. Nimemwambia asubiri Jumamosi, napeleka mchele huko. Sitaki kumjibu "ndivyo ilivyo". Jibu hilo tulipewa sisi, tena kwa fimbo.

Jumatano, 5 Machi
Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Jirani yangu wa nyanya kazitaja zote bila kuinua macho kwenye sado. Nikamuuliza kwa nini kuzidisha kunatangulia kujumlisha. Kacheka: "Si mwalimu alisema?"

Na kila siku sokoni tunafanya hivyohivyo. Leo mteja kachukua kwangu magunia 3 ya mchele wa Kyela, 250,000 kila moja, na mkokoteni 5,000. Kwenye karatasi ni 5,000 + 3 × 250,000. Hakuna mtu sokoni atakayejumlisha 5,000 na 3, kwa sababu 5,000 ni shilingi na 3 ni magunia. Zidisha kwanza, magunia yawe shilingi, ndipo yakutane na hela ya mkokoteni: 755,000. Sheria ilikuwepo sokoni kabla ya mwalimu.

Ijumaa, 7 Machi
Usiku, mizigo imeshafungwa. Wamarekani hukariri PEMDAS, ambamo kuzidisha kumewekwa mbele ya kugawanya. Anayeishika herufi kwa herufi, kwenye 24 ÷ 4 × 2 atapata 3. Jibu ni 12, maana viwili hivyo ni daraja moja, unakwenda kutoka kushoto. Sisi tumetanguliza GA, hapo hatuumii. Mtego wetu uko kwenye JUTO.

Iringa, Jumamosi, 8 Machi
Makambako upepo, Mafinga baridi, Kihesa nimefika mchana miguu imevimba. Mtoto ananisubiri na daftari, hata chai sijanywa.

Nimekata vipande vitatu vya boksi, nikaandika +10, −3, +2. Nikamwambia kila namba ina alama yake upande wa kushoto, na ikihama inahama nayo. Kavipanga: +2, −3, +10. Tisa. Kavichanganya tena: tisa. Sasa fuata MAGAZIJUTO, jumlisha kwanza: vyenye alama ya kujumlisha ni 10 na 2, jumla 12. Toa 3.

Kanyamaza. "Kumbe ile 3 haikuwa ya kujumlishwa."

Haikuwa. Alipochukua 3 na 2 akapata 5, aliivua 3 alama yake. Nikamwonyesha kwamba hata 5 yake ina mahali pake: 10 − (3 + 2). Inadai mabano, basi.

"Kwa hiyo mwalimu hajui?" Nimemjibu kwamba mwenye watoto wengi darasani hana nafasi ya kumkatia kila mmoja boksi. Kaka kakohoa, naona hakuniamini.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa kaja na lingine: kugawanya sehemu, kwa nini "geuza ya pili, kisha zidisha"? Nikaanza na maziwa. Lita 3 kwa vikombe vya nusu lita, vinajaa vikombe 6, kwa kuwa kila lita ina nusu mbili. Hapo sawa. Akaandika 2/3 ÷ 4/5, maziwa yakaniishia.

Tukatafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, ya 3 na 5. Ni 15. Kwa hiyo 10/15 ÷ 12/15. Asili zimelingana, yaani vipande ni vya ukubwa mmoja, basi unagawanya kiasi kwa kiasi: 10 kwa 12, ambayo ni 5/6. Akafanya kwa kugeuza: 2/3 × 5/4, 10/12. Kaziona 10 na 12 zilezile, akakimbilia jikoni kumwita mama yake, ambaye alikuwa anasonga ugali na hakutaka kuitwa.

Naondoka kesho asubuhi. Kanipa karatasi: hasi mara hasi kwa nini ni chanya. Hilo litakwenda kwa simu, na vocha atanunua baba yake.